Machungwa Yangu na Mbuzi wa Jirani

Muuguzi wa zahanati yetu hapa mtaani Ziwa la Ng'ombe alinipima damu, akayatazama majibu, kisha akanitazama mimi kama mtu anayetafuta maneno laini.

"Mzee wangu, sukari yako imepanda. Hujawa mgonjwa, lakini umefika mlangoni. Nakupa miezi mitatu ubadilishe unavyokula. Isiposhuka, tutaanza dawa."

Babangu alianza na dawa hizo hizo akaishia kukatwa mguu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga bendeji. Nilirudi nyumbani nikiiangalia miguu yangu kila hatua, kana kwamba nimeiazima.

Kazi yangu ni kuandika habari, na mtu wa kazi hii hachukui hatua kabla ya uchunguzi. Nikaanzia jikoni. Kwenye friji palikuwa na pakiti ya juisi ya dukani, na juu ya meza machungwa ya soko la Kongowea. Nikaviweka viwili hivyo mbele yangu kama washtakiwa. Nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti, nikapekua simu, nikampigia daktari mmoja tuliyesoma naye.

Niligundua hivi. Vitamini C imo kwenye chungwa na yaweza kuwamo kwenye juisi. Sukari nayo imo kote kuwili, hata juisi isipotiwa sukari ya dukani. Kinachotofautisha ni nyuzinyuzi, zile nyama za tunda tunazozitafuna. Hizo hushibisha, na huifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Juisi ikichujwa, hubaki nyuma kwenye chujio. Isitoshe, gilasi moja ya juisi humeza machungwa kadhaa ambayo mtu angechoka kuyatafuna.

Nikatoa hukumu: juisi isiingie tena nyumbani mwangu.

Sasa mke wangu ni fundi wa juisi ya maembe. Huisaga nzito, haichuji, hata ukisimamisha kijiko hakianguki upesi.

"Ati juisi yangu imekuwa haramu?" akauliza.

"Si haramu. Ni makuruhu, bora kuiacha tu."

"Na weye ndiye mufti?"

"Nimefanya uchunguzi, mama. Tunda huliwa, halinywewi."

Maneno hayo ya mwisho yalinipendeza mno. Nilimwambia shemeji yangu alipokuja kututembelea, akiwa ameshika gilasi tayari. Niliwaambia wazee wenzangu baada ya sala ya alasiri. Niliyasema hata kwenye matanga, wallahi, wakati watu wakigawiwa sharubati, hadi marehemu nusura asahauliwe.

Na mimi mwenyewe niliishika sheria. Kila jioni nilikaa kwenye baraza ya nyumba na beseni la machungwa na kisu. Nikamenya kama tunavyomenya sote tangu utotoni: ganda la nje likatoka utepe mmoja mrefu, ule weupe wa ndani ukabaki, kisha nikakata kofia ya juu. Nikalibinya chungwa, nikalifyonza mpaka likawa kama soksi iliyokamuliwa, nikalitupa chini, nikachukua jingine. Jioni njema niliweza kulimaliza beseni.

Chini pale hapakuchafuka, kwa sababu mbuzi wa jirani alikuwa akinisubiri. Alizoea saa yangu kuliko wanangu. Nikitupa, anadaka.

"Jirani, Mungu akuweke," yule mama mwenye mbuzi aliniambia akipita. "Huyu mnyama amenona! Manyoya yake hebu yaone."

Nikajiona mkarimu pia, zaidi ya kuwa mwenye afya.

Siku ya kurudi zahanati nilivaa kanzu iliyopigwa pasi. Njiani nilikuwa nimeshaanza kuitunga kichwani makala ya kuwafundisha wengine. Mke wangu alifuatana nami, nadhani ili asikie mwenyewe nikisifiwa.

Muuguzi alisoma majibu. "Mzee wangu, haijashuka. Imeongezeka kidogo."

Nikaitazama tena miguu yangu.

"Juisi unakunywa?" akauliza.

"Hata tone!"

Akamgeukia mke wangu, kama wanavyofanya wauguzi wote mwanamume anapojibu haraka.

"Kweli hanywi," mke wangu akasema. "Ni machungwa tu, beseni zima. Kila jioni anayafyonza."

"Anayafyonza?"

"Anayafyonza, makapi anamtupia mbuzi."

Muuguzi alilitazama dari. Nikauona ukweli ukinijia, na mimi mwandishi wa habari nikiwa wa mwisho kuupata.

"Basi mzee amekuwa akinywa juisi," muuguzi akasema taratibu, "na tunda amekula mbuzi."

"Tunda huliwa," mke wangu akasema kwa sauti yangu mimi, na kidole juu kama ninavyokiinua, "halinywewi."

"Na kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza tulipotoka.

"Ningekuambiaje? Ulisema umefanya uchunguzi."

Muuguzi aliniongezea miezi mitatu mingine, ya mwisho. Nikajifunza kula chungwa ukubwani: kulimenya lote, kulichambua kipande kwa kipande, kutafuna na ngozi zake nyembamba. Ni kazi. Nyuzi hukwama kwenye meno, taya huuma, na baada ya chungwa la pili mtu hutamani kupumzika. Mbuzi alikuja kama kawaida, akasimama, akanitazama mdomo. Siku chache baadaye mwenye mbuzi akaja pia.

"Jirani, kwani tumekukosea nini?"

Niliporudi kupimwa sikuvaa kanzu ya pasi wala sikutunga makala. Sukari ilikuwa imeshuka. Si sana, lakini dawa zikaahirishwa, nami nikarudi nyumbani kwa miguu yangu yote miwili bila kuitazama.

Jioni mke wangu akaniletea gilasi ndogo ya juisi ya maembe, nzito kama zamani, haikuchujwa, haikutiwa sukari. Akaiweka mbele yangu, akangoja aone nitasema nini.

Nikaomba kijiko.