Taa za Vyumba Visivyo na Watu

Siku fundi wa sola alipomuuliza bibi yangu anataka taa ngapi, naikumbuka kuliko siku ya matokeo yangu ya Form Four, na hiyo ya matokeo nililia mpaka kwikwi. Kaa hapo, mwanangu, nikusimulie. Ndiyo, nimekuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na minane tu, niko Form Five, na wewe wa Form One huenda umeshanizidi urefu. Lakini uzee si mvi peke yake. Mtu aliyeishi na bibi yake wawili tu, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mzima, huyo keshazeeka. Akipiga chafya anajiambia pole mwenyewe.

Nyumba yenyewe iko mlimani, upande wa Mgololo, kule ambako asiyekula kwa kiwanda cha karatasi anakula kwa miti. Babu aliijenga ndefu kama bweni kwa sababu alikuwa na watoto wengi na maneno mengi. Watoto wakaondoka mmoja mmoja. Mama yangu anauza nguo Mbeya, pale Ilomba. Mama mdogo Anna aliolewa mbali. Wajomba wamejificha Dar es Salaam, wanatuma salamu sikukuu kwa sikukuu. Mjomba Tito alifariki kabla sijaanza shule, na Babu akamfuata. Tukabaki mimi, Bibi, na milango iliyofungwa.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, nawe unajua. Babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, kwa hiyo Bibi mpaka leo ananiita mke mwenza. "Mke mwenzangu, hii mboga umeipika au umeiadhibu?" Nami namjibu kwamba mume wetu alikuwa anaipenda hivyo hivyo, ndiyo maana alikufa amenenepa. Tulikuwa tunacheka. Halafu kicheko kinaisha, unasikia bati linavyolia kwa baridi.

Umeme wa nguzo ulifika kijiji cha chini ukachoka kupanda kwetu. Mimi nilikuwa Form Three, nasomea kibatari, asubuhi nikipenga kamasi inatoka nyeusi kama wino. Simu ya Bibi tuliipeleka kuchajiwa dukani, inashinda huko, na Mama akipiga anapokea mwenye duka. Yule baba akawa anajua habari za ukoo wetu kuliko sisi wenyewe. Anamwambia Mama, "Bibi mzima, ila mguu unamsumbua, na binti yako Hesabu amepata aibu." Ndipo Mama akasema basi, wekeni sola.

Fundi alikuja kutoka Mafinga, kijana mpole, akanywa chai na viazi, akamweleza Bibi habari za paneli na betri. Kisha akauliza, "Sasa Bibi, taa ngapi?"

Nikawahi kujibu. "Tatu. Jikoni, sebuleni, na kwangu mwanafunzi."

"Kila chumba," akasema Bibi. "Na moja nje."

"Bibi, vile vyumba vingine taa za nini? Panya nao wana mtihani wa taifa?"

Fundi alicheka mpaka chai ikammwagikia. Bibi hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyekutana nami njiani, hanijui.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," akasema taratibu. "Kile ni chumba cha Tito. Kile cha mama yako. Kile cha Anna. Nani kakwambia ni vya panya?"

Mimi, mwanangu, mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Lakini hawapo, Bibi. Wazee wenyewe si ndio mlisema asiyekuwepo na lake halipo?"

"Tulisema kuhusu nyama," akajibu. "Hatukusema chumba."

Fundi alikuwa mkweli, Mungu ambariki. Alimwambia kwamba taa zote hizo, na televisheni ambayo nilikuwa nimeiomba kwa kuchomekea katikati ya maongezi, zinataka paneli kubwa na betri kubwa. Tena huku kwetu ukungu ukishuka, paneli inaliona jua kwa kubahatisha, na betri ikizeeka haitibiwi, inanunuliwa nyingine. Mtambo mdogo wa taa tatu na kuchajia simu tungeulipa kidogo kidogo kwa maharage na viazi. Ule mkubwa, maharage yasingeutosha.

"Nitauza miti," akasema Bibi.

Hapo ndipo utani uliponitoka wote. Ile miti ya paina Babu aliipanda mwaka niliozaliwa. Alimwambia kila mtu, na kanisani alitangaza, kwamba hii ni ya shule ya huyu mtoto. Wengine wana benki, sisi tuna mlima. Ilikuwa bado haijakomaa, na kwetu hata mlevi wa ulanzi anajua kwamba kuuza paina changa ni kula mbegu: utapewa hela ya mirunda, nguzo nyembamba za kushikilia zege, wakati ukisubiri ungeuza mbao. Ikikatwa, chuo changu kinaondoka juu ya lori.

Mnunuzi alikuja wiki ile ile. Tukapanda naye shambani, mimi nyuma. Akawa anakumbatia shina moja moja na kutikisa kichwa.

"Mama, hii nyembamba. Mbao humu haimo. Nitatoa mirunda tu."

"Chukua hivyo hivyo," akasema Bibi.

Mnunuzi akatangulia kuhesabu. Nikamsogelea Bibi. Nilikuwa nimejiandaa kama mwanasheria. Nikamweleza ukungu, nikamweleza betri, nikamweleza kwamba taa tatu na taa kumi hazitofautiani kwa mtu ambaye analala mapema na kuku. Alisikiliza yote. Mwisho nikasema, na sikuwa natania, "Bibi, taa ya mjomba Tito itammulikia nani?"

Akaegemea mti. Alihema kidogo, maana mlima ule hauna huruma.

"Mke mwenzangu," akasema, "mwakani unamaliza Form Four. Utachaguliwa, utakwenda. Nani atabaki? Taa haichaguliwi kwenda Form Five."

Akalipapasa gome la ule mti.

"Nikiamka nikaona mwanga chini ya mlango wa Tito, nitajidanganya kidogo. Chini ya mlango wa mama yako, nitajidanganya kidogo. Na chini ya wako. Kujidanganya kidogo hakuui mtu."

Paina zikipigwa na upepo, mwanangu, zinalia kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Nilizisikiliza, halafu nikasema kwa hasira, "Basi uza. Ukishauza sitaenda popote. Nitakaa hapa hapa na wewe na taa zako."

Nilidhani namtishia. Nikamwangalia usoni nione kitisho kimeingia, nikaona furaha. Ilikaa kufumba na kufumbua tu, lakini ilikuwa furaha kabisa, kama ya mtu aliyesikia mlango ukibishwa. Kisha akajua kwamba nimeiona. Akashusha macho, akafunga khanga yake upya, akamwita yule mnunuzi kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo hata kanisani.

"Baba we! Rudi! Miti haijakomaa hii!"

"Mama, si umesema nichukue hivyo hivyo?"

"Nilikuwa nakuonyesha tu. Mtu haruhusiwi kuonyesha miti yake? Njoo ule viazi uende zako."

Aliondoka amenuna, viazi alikula.

Tukaweka sola ndogo. Faida zake sikatai, wala usimsikilize anayekwambia hazipo. Macho ya Bibi hayatoki machozi ya moshi wa kibatari tena. Mimi nilisoma, nikachaguliwa, sasa niko Iringa, shule yetu iko Kihesa. Paina bado zimesimama. Jumapili matroni anatuazima simu, tunapanga foleni, na Bibi anapokea mwenyewe, anapiga kelele kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya bonde. Ananiuliza kama mboga za shule nazo zinaadhibiwa.

Lakini majira ya ukungu napiga, ile sauti ya mashine inaniambia namba haipatikani. Najua hapo jua halijaonekana, betri imekata, na Bibi yuko jikoni ananyoosha mikono motoni, peke yake. Huwa naisikiliza ile sauti mpaka inarudia tena, mpaka matroni aseme, "Binti, wenzako wanasubiri." Nakabidhi simu, natoka nje, nawachekesha wenzangu. Wanasema mimi sina shida duniani.

Sasa shika nasaha yangu, mwanangu. Kwenu wakianza maneno ya sola, muulizeni fundi kila kitu bila aibu: ukungu, umri wa betri, na kama mnaweza kuanza na kidogo mkaongeza. Msiuze kinachokua ili mnunue kinachochakaa. Na yule anayetaka taa nyingi kuliko watu, usimcheke kama mimi nilivyocheka. Mkalie karibu umuulize ni giza gani analoliogopa, maana lipo giza ambalo fundi hana waya wake. Hilo linaondolewa na mtu kupanda gari likizo ikianza, akaingia ndani, akafungua chumba chake kilichofungwa na kulala humo. Mimi likizo hii naenda. Nimeshawaambia na wajomba, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa.

Mungu akupe jua la kutosha juu ya bati lako, mwanangu, na chini ya bati hilo hilo akupe mtu wa kukuuliza kama umekula.