Mti wa Paa la Baba

Leo shangazi amefika kwetu akaanza kumlilia baba kama marehemu, na baba alikuwa ndani anakunywa uji.

Kosa ni langu.

Yule Mzungu wa forodha hapa Malaba alipofungasha kurudi kwao baada ya uhuru, aliniachia chatu wake mdogo. Nimemtengenezea nyumba kwa vitu vya bure: sanduku la majani chai, na nusu ya chungu kilichovunjika ajifiche ndani.

Kikabaki kitu cha chatu kupanda.

Asubuhi nikaona mti mkavu kando ya kuni, umenyooka vizuri. Nikauchukua, nikamsimamishia chatu sandukuni.

Sasa, mafundi wanaezeka upya nyumba ya baba. Mnajua ule mti wa kileleni, ambao hautolewi mpaka mwenye nyumba afe? Waliuteremsha wabadilishe nyasi, wakauweka hapo chini ili waurudishe wakimaliza.

Ndio huo.

Shangazi kutoka Butula ameona paa jipya halina mti, akaanguka langoni akilia. Baba akatoka na kikombe mkononi, akatazama juu.

Nikakimbia kwenye sanduku, nikamtoa chatu, nikarudi na mti.

Shangazi akaukataa. “Umelaliwa na nyoka. Huo haupandi tena paani.”

“Basi tukate mwingine, shangazi,” nikasema.

“Mwingine ni wa nyumba ya nani? Mwenyewe ameshatolewa pamoja na mti wake.”

Baba amekaa uani kwenye kigoda. Anasema nyumba hiyo ni ya marehemu, yeye haingii.

Mngekuwa mimi mngemwambia nini?

Mvua inakuja kutoka upande wa Uganda, na amekataa hata kusogea upenuni.