Kigoda cha Kupandia Pikapu

Pedali ilizama mpaka chini kama mguu unaozama kwenye tope. Nikaiachia, nikakanyaga tena. Hamna kitu. Tulikuwa tumemaliza kona ya tatu ya mteremko, pale ziwa linapoonekana lote kwa mara moja, na mke wangu alikuwa amekwisha kuanza, "Shikamoo ziwa," utani wake wa miaka yote. Akautazama mguu wangu.

"Baba, breki."

"Hazipo."

Nikarudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele. Nikaipeleka pikapu kwenye ukingo wa mlima ili iegemee udongo isimame. Zamani ingesimama. Lakini ilikuwa imenyanyuliwa, imekaa juu juu, na gurudumu lilipopanda ukingo tu ikapinduka. Mimi nilitoka na goti lisilokunjika mpaka leo. Yeye hakutoka.

Hiyo ndiyo habari wanayoijua watu. Mimi nataka kusema pikapu ile ilivyokuwa kabla hawajaishika.

Niliinunua kuukuu, msimu ambao kahawa ilitukubali. Rangi yake ilikuwa ya bluu, jua likaila mpaka ikafanana na sare ya shule iliyofuliwa sana. Ilikaa chini. Mke wangu aliingia na kikapu mkononi, khanga haisogei hata kidole, akafunga mlango kwa kiuno. Tulitoka kwetu Mkumbi na kahawa au mahindi, tukateremka mpaka Liuli kwao, tukapanda na usipa, dagaa wa ziwa lile. Ndani ya kabini harufu ya kahawa na ya usipa zilioana, hazikuachana tena. Padre mmoja tulimpa lifti, aliposhuka akainusa kanzu yake akasema, "Leo ndiyo nimekuwa mrithi wa Petro kweli." Mke wangu alicheka mpaka tukafika.

Tulibeba maharusi, tulibeba mabati, tulibeba wagonjwa. Kwaya ya kigango ilipanda nyuma ikaimba njia nzima, mimi nikajifunza sauti ya besi nikiwa kwenye usukani. Mpaka leo naijua besi tu ya nyimbo zile, sijui maneno.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Masika, barabara ya kandokando ya ziwa inakuwa na tuta katikati, na tumbo la pikapu lilikuwa linaburuza.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa amekaa Dar es Salaam, akarudi na springi mpya ndefu, shokapu ndefu, ngao ya chuma ya mbele, keria, taa nne za juu na bomba la kuvutia hewa linalopanda kandokando ya kioo. Alivipanga uani kwangu kama mtu anayetoa mahari.

"Shem, unatuaibisha," akasema. "Kila masika gari yako inalima barabara."

"Iache ilime," dada yake akamjibu. "Wewe jembe umelishika lini?"

"Dada, ikinyanyuliwa utaona raha."

"Na mimi nitapandaje?"

"Utazoea. Au ndiyo uzee?"

Tukaipeleka kwa fundi, Mbinga mjini. Siku tatu. Siku ya pili walikuwa wameipandisha nyuma kwenye jeki, magurudumu yananing'inia. Nikainama. Nikauona mpira wa breki, ule unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli. Ulikuwa umevutika. Springi zilikuwa zimerefushwa, mpira ni uleule wa zamani. Nami nilijua breki za pikapu ile ni za kizamani, bomba moja kwa magurudumu yote, ukipasuka mpira mmoja zimekwisha zote.

"Fundi," nikasema, "mbona huu umekaza kama kamba ya mbuzi?"

Hakutoka hata chini ya gari. "Ikishuka kwenye jeki utalegea. Mzee, wewe ufundi ulisomea darasa la ngapi?"

Shemeji akadakia, "La nne! Aliacha siku wanafundisha breki."

Gereji nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko goti.

Siku ya tatu ikajaribiwa. Huku milimani gari haipimwi kwa maneno, inapimwa kwa mzigo. Walipakia magunia ya kahawa mpaka juu, wanaume wakakaa juu ya magunia, tukazunguka mji mzima, tukarudi tunapigiwa makofi. Breki zilishika vizuri. Zisingeshikaje? Mzigo ulizikandamiza springi, mpira ukalegea. Hakuna aliyewaza kuijaribu tupu. Nani anajaribu gari tupu? Kwetu gari tupu ni gari iliyolala.

Siwezi kusema uongo, ilipendeza. Tulipofika Liuli watu walitoka kuitazama. Mzee mmoja akaligusa lile bomba la hewa akauliza, "Sasa hii mnavuka nayo ziwa mpaka Malawi?" Mke wangu akamjibu, "Shikamoo baba, nauli yako ipo?"

Ila kupanda hakuweza. Nikamtengenezea kigoda cha msonobari, nikakifunga kamba. Anakanyaga, anaingia, halafu anakivuta kwa kamba kikaingia ndani, kama anavyovuta wavu. Watu walikuwa wanasubiri wamwone akikivuta. Alikuwa anafanya makusudi, polepole, kama malkia.

Msimu mzima tulibeba, kwenda mzigo, kurudi mzigo. Siku ile tulikuwa tunakwenda kumwona mama yake. Tupu. Yeye, mimi, mkungu mmoja wa ndizi. Ile njia mbovu ya kutokea kwetu mpaka kwenye lami ina mashimo, na gari tupu haitulii, kila shimo gurudumu lilining'inia na mpira ukavutika. Mteremko ukamalizia.

Msibani fundi alikuja, akanishika mkono. "Pole mzee. Ajali haina kinga." Shemeji alilia kuliko wote, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Wengine walinong'ona kuna mtu alituonea wivu kwa sababu ya zile taa. Nilipoweza kutembea kwa mkongojo nilikwenda kwenye mabaki ya gari, nikaukata ule mpira. Ulikuwa umechanika katikati, palepale ulipokuwa umevutika. Bwana hakufunga springi. Mwenye wivu hakufunga springi.

Kosa langu nimelisema: niliona, nikacheka na wanaocheka. Sasa zamu yenu. Fundi, njia ya Mkumbi unaijua. Shemeji, wewe hapa ni kwa dada yako, huhitaji kukaribishwa. Njooni mchana. Kigoda kipo mlangoni, hakikuvunjika hata mguu, mnaweza kukikalia. Mpira upo mezani. Pole zenu nilizipokea, sihitaji nyingine. Nataka mmoja wenu aushike mkononi, anitazame machoni, anijibu: siku ile gari ilipokuwa kwenye jeki, mliuona umekaza, au hamkuuona?