Jumamosi Mlinzi wa Lango Alipokabidhi Upanga

Jina la Darubini alipewa kiwandani, na waliompa hawakuwa wakimsifu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya meza ya ukaguzi, chini ya taa nyeupe inayoumiza macho, akipokea mashati kutoka kwa washonaji na kuyageuza ndani nje. Mshono ulioruka, kifungo kilicholegea, kola iliyovutwa upande, vyote alivibandika mshale mwekundu wa karatasi na kumrudishia mwenye kazi bila neno. Washonaji waliapa kwamba angeweza kuona uzi uliokatika akiwa bado getini. Alijua wanamsema, na wala hakujali.

Ubaya wa kazi kama hiyo ni kwamba haiishi kengele ya kutoka inapolia. Fundi bomba akimaliza mapema, Darubini hufungua koki zote mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, anaanza kujiuliza huyu anatafuta nini. Mumewe, mpole wa watu, alishajifunza kutoleta zawadi bila sababu, maana siku moja alileta kitambaa cha kichwa akahojiwa mpaka chakula kikapoa.

Mtu mmoja tu Darubini hakuwahi kumgeuza ndani nje, naye ni kaka yake mkubwa.

Na amchunguze kwa lipi? Kaka alikuwa fundi wa lifti. Mtu akikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, Kaka ndiye anayepigiwa simu. Hufika na ufunguo wake wa pembetatu, akafungua mlango, akasema, "Pole sana, umeshatoka sasa," hata kama aliyetolewa anamporomoshea matusi. Akitoka huko anarudi kwa Mama, aliyepigwa na kiharusi upande mzima wa kulia. Miaka tisa Kaka amemlisha, amemwogesha, na kila baada ya saa mbili amemgeuza kitandani asipate vidonda. Akiwa kazini, jirani mmoja mstaafu hukaa na Mama. Muda mwingine wote Mama ni wa Kaka. Mke hakuoa. Darubini yeye alikuwa na mume, watoto wawili na kiwanda, na sababu hizo tatu alizitaja mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyekuwa akizisikia tena. Alikuwa akija kila Jumamosi mchana na mfuko wa machungwa, akirudi kwake jioni.

Jumamosi hizo ndizo zilikuwa za mchezo. Mwalimu wa jiografia, rafiki wa Kaka tangu shule, aliuleta mchezo sebuleni kwa Mama alipoona rafiki yake hatoki tena. Wachezaji hukaa mezani, kila mmoja na mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, tabia yake. Mwalimu anasimulia yanayotokea na kuwasemea maadui, wao wanasema watafanya nini, na dadu zinakata shauri. Darubini alikuwa Mponyaji, mwenye sala za kufufua waliozimia. Kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa Mwizi, na aliifurahia kazi hiyo kuliko unyozi. Kaka, nani angemdhania kingine, alikuwa Mlinzi wa Lango, shujaa mtakatifu aliyeapa kwamba mji hautaingiwa na Malkia wa Majivu maadamu yeye yu hai. Miaka sita walikuwa wakicheza hadithi hiyo hiyo moja, na katika miaka hiyo sita Mlinzi hakuwahi hata kusema uongo.

Basi Jumamosi moja Kaka alikunja kijikaratasi akampitishia Mwalimu chini ya mkono.

Sheria iliruhusu. Mchezaji akitaka kufanya jambo la siri, anamwandikia Mwalimu. Kinyozi alikuwa akituma karatasi kama tano kwa siku, zote za kuiba. Lakini Kaka? Wiki iliyofuata zikapita mbili. Mwalimu alizisoma, akakohoa, akazitia mfukoni mwa shati.

Halafu Kaka akauliza, kana kwamba anauliza saa, "Hivi Mponyaji anaweza kulilinda lango peke yake?"

"Kwa nini?" Darubini akadakia.

"Nauliza tu."

Nauliza tu! Maneno hayo Darubini aliyajua vizuri, ndiyo wanayosema washonaji wanapotaka kujua zamu ya ukaguzi ni ya nani. Tena kulikuwa na miluzi. Alimkuta Kaka jikoni anamkorogea Mama uji wake huku anapiga miluzi. Mtu anayelala vipande vipande mwaka mzima, furaha hiyo ameitoa wapi?

Hapo ndipo wazo lilipomwingia, na tusimfiche, si wazo la mchezo. Kaka anaondoka. Amepata kazi mbali, au amepata mtu, na anatafuta namna ya kusema. Na Kaka akiondoka, Mama ni wa Darubini, kwa maana hakuna mtoto wa tatu. Kitanda, uji, kugeuza kila baada ya saa mbili. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi. Ila aliogopa.

Kaka alipokwenda kumgeuza Mama, na Mwalimu akiwa jikoni anachemsha chai, Darubini alilivuta jalada la Kaka na kuitoa karatasi ya Mlinzi. Nguvu zilikuwepo, silaha zilikuwepo. Mstari wa kiapo ulikuwa mtupu. Aliupapasa kwa ncha ya kidole akahisi karatasi imekuwa laini na nyembamba pale ilipopitishwa raba, tena si mara moja. Mtu alifuta, akaandika tena, akafuta tena.

"Darubini," Kinyozi akanong'ona, "si vizuri kupekua vitu vya mwenzio."

"Wewe si ndiye mwizi? Nyamaza."

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, alimfuata Kinyozi kibandani kwake. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, uso umejaa povu, kwa hiyo ilibidi waongee kwa tahadhari, na mteja alitega sikio kwa raha zake zote.

"Anataka kuugeuka mji," Darubini alisema. "Ataenda upande wa Malkia."

Kinyozi alishusha wembe. "Mlinzi wa Lango? Yule akianguka yule, mimi nafunga duka."

"Karatasi nimeiona kwa macho yangu."

"Lakini hakuna dadu ya kumvunjia mtu kiapo. Unaijua sheria ya Mwalimu. Kiapo hukivunja mwenyewe, kwa mdomo wake, hakuna wa kumlazimisha." Akafikiri kidogo. "Labda amerogwa. Malkia ana uchawi. Hizo karatasi huenda Mwalimu anamwambia afanye nini."

Darubini alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Amerogwa! Alikuwa na sala moja ambayo hakuwahi kuitumia, Sala ya Kufunga, inayoruhusiwa mara moja tu katika maisha ya Mponyaji. Humfunga mwenzako asitende uovu aliotiwa na adui. Akamwambia Kinyozi akae tayari kuunyakua upanga mambo yakiharibika.

"Samahani," mteja alisema ndani ya povu, "huyo Malkia ni nani?"

Darubini alikuwa ameshatoka.

Jumamosi ilipofika Darubini aliwahi kuliko siku zote. Akaketi akimtazama kaka yake anavyopanga dadu, anavyokunywa chai, anavyokwepa macho yake. Mwalimu alisimamisha mbele yake kadibodi ya kufichia maandishi yake, akashusha sauti. Malkia wa Majivu amefika langoni peke yake. Hana jeshi.

"Miaka sita nimelipiga lango lako, Mlinzi," alisema kwa sauti ya Malkia, "na halina hata ufa. Leo sikuja kupigana. Nimekuja kukuuliza. Umechoka?"

"Nimechoka," Kaka alisema.

"Utanifungulia?"

"Nitakufungulia."

"Mzee, ngoja kwanza!" Kinyozi aliruka kitini. "Mimi nipo humo ndani!"

Darubini alikuwa ameshasimama. "Natumia Sala ya Kufunga. Amerogwa huyu. Namfunga asifungue." Akarusha dadu kubwa ya pande ishirini. Ikazunguka, ikagonga kikombe, ikatulia. Ishirini. Hakuna namba iliyo juu ya hiyo. Kinyozi alipiga meza kwa furaha.

Mwalimu aliitazama dadu, kisha akamtazama Kaka, na sauti yake ikarudi kuwa ya mwalimu wa jiografia. "Sala imekubaliwa. Mponyaji anaingia ndani ya Mlinzi kuutafuta uchawi aufunge. Anatafuta kila mahali." Akatikisa kichwa. "Haupo. Hajarogwa, dada. Kaka yako anataka mwenyewe."

Alisema kaka yako, si Mlinzi. Wote walisikia, na hakuna aliyemsahihisha.

"Na nikulipe nini?" Malkia akauliza. "Kiti cha enzi? Jeshi?"

Kaka aliangalia viganja vyake, vyenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. "Sitaki kiti. Nataka siku moja ambayo hakuna mtu anayenihitaji. Mji ukiungua, uungue. Mtu akilia, na alie. Mimi niwe nimekaa tu."

Akaisukuma karatasi ya Mlinzi katikati ya meza mpaka ikafika chini ya kadibodi ya Mwalimu. Ndivyo alivyokabidhi upanga, taratibu. Kinyozi, aliyepaswa kuunyakua, mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

Malkia alimrudishia upanga, akataka uthibitisho. Ampige Mponyaji. Kaka aliokota dadu, akaitikisa, akaitupa. Kumi na saba. Na hivyo Mponyaji wa miaka sita, aliyewafufua wenzake mara zisizohesabika, akaanguka kwenye vumbi la lango kwa upanga wa rafiki yake. Kaka alicheka. Mabega yalimtikisika, macho yakamlowa, akacheka kama Darubini alivyomsikia akicheka walipokuwa wadogo. Kumuua kulimfurahisha kiasi hicho.

Uvumilivu ukamwishia.

"Unaondoka lini?"

Kaka alifuta macho. "Nani anaondoka?"

"Wewe! Vikaratasi, miluzi, kiapo umekifuta kwa raba nimeona. Unamwacha Mama. Nimeshajua, kwa hiyo usinizungushe. Niambie lini tu, nijiandae."

Mwalimu aliinama kutafuta dadu ambayo haikuwa imeanguka. Kaka hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alimtazama dada yake kwa upole ule ule anaotumia kuwatoa watu kwenye lifti.

"Mdogo wangu," alisema, "ningekuwa na njia ya kuondoka, huu mchezo ningeutakia nini?"

Darubini aliketi. Haendi. Kifua kikamfunguka, pumzi ikashuka mpaka chini, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha tupu, kitanda kile si chake, uji ule si wake. Kisha akajiona. Mtu ametoka kusema mbele ya watu kwamba amechoka mpaka anatamani kuwa mwovu, na dada yake wa tumbo moja, kitu cha kwanza alichohisi ni ahueni. Miaka kumi na minne alikuwa akiwabandikia watu mishale myekundu. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Kwa hiyo alisema haraka, kabla hajapata nafasi ya kuvitaja tena mume, watoto na kiwanda.

"Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nakuja Ijumaa jioni, nalala hapa na Mama mpaka Jumapili. Kila wiki. Wewe uende unakotaka. Ulale, utembee, shauri yako."

Alitarajia nini? Labda ahsante, labda machozi kidogo. Kinyozi alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa niaba ya familia.

Kaka hakutabasamu. Aliisogeza dadu pembeni, akaegemea kiti, akamwangalia dada yake usoni, halafu mikononi, halafu usoni tena.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mmegombana na shemeji? Amekufukuza?"

"Hapana, Kaka."

"Ni nyumba hii? Mnataka iuzwe?"

"Kaka, hakuna kitu. Nataka kukusaidia tu."

"Kukusaidia tu," alirudia polepole, na nyusi zake zikakaribiana. Darubini aliweka mikono yote miwili mezani ionekane, akamwacha amchunguze.