Sufuria ya kilio mu biro ya polisi

Mutoto yangu, vuta kale kakiti, ikala hapa pembeni yangu. Weye sikufichake kintu, unajua. Mambo yenye naambia weye, hata ku kanisa sibitoleake ushuhuda. Unaniletea barua yako nisome: unataka kuuliza polisi ya kartie, mutaa wetu huu, pikipiki yenye bantu balichangia kuinunua ilienda wapi. Ni vizuri, na minyi nakusifu. Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma tena na miwani. Barua iko na Kifaransa mingi, iko na kiburi kidogo, na pikipiki sikuiona ndani hata fasi moja.

Basi usiitume bado. Nakumbuka siku moja ya ile myaka ya vita, kule ku mwisho wa myaka ya tisini, weye ulikuwa haujazaliwa. Radio ilikuwa inasema vita iko mbali, bantu benye banashuka ku treni banasema iko karibu, na sisi bantu ba muji wa Kamina tulikuwa tunaamini bantu ba treni. Basoda, askari ba vita, balikuwa banapita kila mara, banashuka pa gare, kituo ya treni, banakula, banapanda. Minyi nilikuwa binti. Muchana nauzisha bitoyo, samaki ya kukauka, ku soko na mama yangu, mangaribi nasoma masomo ya bakubwa mu salle, ukumbi wa kanisa yetu. Nilikuwa najua kuandika "nina heshima ya kukuandikia", na nilikuwa natafuta muntu wa kumuandikia.

Kanisa yetu ilikuwa na sufuria moja. Usicheke. Bamama balichangia siku mingi mbele ya kuinunua ku Lubumbashi na kuileta na treni. Ilikuwa kubwa: mutoto mudogo anaweza kuoga ndani, na bamoja balioga, bamama basipoangalia. Muntu akikufa, ile sufuria inafika ku kilio, ku matanga, mbele ya pasta. Bukari, ugali ya bantu bote, inatoka mule. Kama hakuna bukari, bantu banalia kidogo, banaangalia jua, banaenda kwabo, na mufu anabakia na familia yake tu. Ile ni haya kubwa. Na mwenye kulinda sufuria alikuwa mama yangu. Bamama bote ba kanisa balikuwa na kitambala cha kichwa cha rangi moja, lakini cha mama kilikuwa na uzi mwekundu pembeni, sababu ya ile kazi.

Siku moja treni ya basoda ikafika na njaa yake. Komanda wa polisi ya kartie akatuma polisi yake, Banza, atafute fasi ya kupikia. Banza akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Sisi bote tulikuwa ku mashamba, alikuwako tu kaku, nyanya yangu, mwenye macho ilikuwa inamuchoka. Banza akamuambia, "Kaku, kuko bageni, tunalomba sufuria." Kaku akasikia bageni, akawaza ni bageni ba kanisa. Akamubariki Banza, akamusaidia hata kuibeba ku kichwa.

Tunarudi, sufuria hakuna. Kaku akasema bageni, na bageni ba ile siku balikuwa basoda, benye polisi njo inabalishaka, basi mama akaenda ku biro ya polisi. Komanda hakumuingiza hata ndani.

"Mama, sufuria gani? Bintu yote yenye iko hapa ni materieli ya Serikali. Na materieli ya Serikali, mu vita, ni siri."

Mama akarudi. Mama Numbi, mukubwa wa bamama, akakuya ku nyumba na benzake. Ule mama alikuwa mufupi, mwenye sauti ya kuita treni irudi.

"Dada, minyi sisemi uliiuzisha ku basoda," akasema. "Nasema tu sufuria haitembeake yenyewe."

"Iko ku polisi."

"Nani aliiona?"

Kaku akasema, "Minyi nilimusaidia muntu kubeba." Bamama bakamuangalia ile macho yake ya kuchoka, bakamuitikia na heshima bila kumuamini. Mama Numbi akakata maneno: kama sufuria haionekane mbele ya siku ya Mungu, siku ya kusali, mama atavua kitambala mbele ya kanisa yote.

Mutoto yangu, mama yangu alikuwaka anaimba hata akitwanga sombe, majani ya muhogo. Toka ile siku, mutwangio njo ulibakia kusikilika, peke yake. Usiku sikuweza kusali vizuri, nilikuwa nakasirikia bamama ba Mungu.

Njo nikapata mawazo. Mwalimu Ngoy, mwenye kutufundisha mangaribi, alikuwa karani wa zamani. Alituambiaka raia anaweza kulomba na barua kujua Serikali iko na bintu gani, juu bile bintu ni ya raia. Nikasema: nitalomba Komanda aandike bintu yote yenye iko ku biro yake. Sufuria itatokea mule, na mama atapona. Mawazo ilikuwa nzuri. Mukono yangu njo iliharibu.

Nikaikala na kaye, daftari yangu ya masomo. "Nina heshima ya kubwa sana." Nikaandika bunduki ngapi, masasi ngapi, radio ngapi, motokari ngapi, na nani analindaka usiku. Kufika ku sufuria, biki, kalamu yangu, ikasimama. Barua muzuri vile, niingize sufuria ndani? Niliona ni sawa kumwangia sombe bibi-harusi ku robe, ile nguo yake nyeupe. Nikaiacha. Nikatia saini na mukia mrefu, nikaenda nayo asubuyi bila kuonyesha Mwalimu.

Banza alikuwa ku mulango. Akasoma na kidole, polepole, midomo inatembea. Kufika ku "masasi" midomo ikasimama. Akakimbia ndani.

Komanda akaniita. Alikuwa na tumbo yenye kuheshimika, na kiti yenye mguu mmoja ulifungwa na kamba, basi alikuwa anaikala sawa muntu yuko ku mutumbwi, bila kutikisika.

"Nani anakutuma?"

"Hakuna muntu, shefu."

"Ni barebele, bale waasi. Muntu anauliza masasi ngapi, nani analinda usiku, na vita iko mu njia. Ule ni muntu gani?"

"Minyi nauzishaka bitoyo, shefu."

"Njo ile! Ningekuwa mupelelezi, hata minyi ningeuzisha bitoyo. Banza, andika!"

"Na nini, shefu?" Banza akauliza.

Bakatafuta biki. Bakafungula kila fasi, bakatosha firimbi, bakatosha muhindi ya kuchoma, biki hapana. Minyi nilikuwa nayo ku nywele. Banza akanyosha mukono: "Dada, unisaidie." Nikamupatia. Karatasi? Nikakata ya kaye yangu. Nikasimama pale, nikaona banaandika makosa yangu na biki yangu ku karatasi yangu, na Banza ananiuliza kama amebakiza fasi ya kutosha pembeni.

Nilikuwa nacheka ndani, mutoto yangu. Kisha Komanda akasema, "Mangaribi nitakutuma ku basoda. Bale hababishanake na muntu." Kicheko ikakwisha. Ile myaka, muntu mwenye anapelekwa ku basoda juu ya upelelezi, familia yake inaanza kutafuta pa kulilia. Na sufuria ya kunililia ilikuwa mule mule ku polisi.

Bakanitia mu kachumba. Mulango haukuwa na kufuli. Banza akaniambia na sauti ya chini, "Dada, tafazali, uushikilie kwa ndani, upepo unaufungulaka, na shefu anakasirikaka." Nikaushikilia. Nikasali Zaburi zote zenye nilijua, mukono mmoja juu, mwingine ku mulango.

Sasa unajua desturi yetu: mufungwa, Serikali haimulishake. Ni bantu bake banaleta chakula. Na bamama ba kanisa, hata kama bako banakukasirikia, Bwana alisema, "Nilikuwa mu kifungo, mukakuya kuniona." Habari ilifika ku soko mbele ya saa sita. Nikasikia mbali wimbo. Nikachungulia: kitambala kwa kitambala, Mama Numbi mbele, mama yangu nyuma anatembea sawa mugonjwa, Mwalimu Ngoy pembeni na fimbo yake. Na kila mama yuko na sufuria ndogo ku kichwa, juu ile kubwa ilikuwa hakuna.

Komanda akatoka. "Ni nini hii?"

"Tunalisha mufungwa," Mama Numbi akasema.

"Hii yote? Muntu moja?"

"Shefu, sisi tunajua tu kipimo ya kilio."

Bukari, sombe ya mafuta ya ngazi, ya mawese, na samaki. Harufu ikaingia mu biro. Mushahara ya polisi ilikuwa haijaonekana siku mingi. Banza akameza mate, na Komanda naye, nilibaona kupitia tundu ya mulango. Desturi ingine unaijua pia: chakula ya mufungwa, mulinzi anaonjaka.

"Muache, mwende," Komanda akasema. "Sufuria zenu mutakuya kuzikamata kesho."

Mama Numbi akaweka mikono ku kiuno. "Apana, shefu. Minyi sisemi polisi ni bezi. Lakini sufuria yetu hailale hapa. Mulete yenu, tutamwanga mule."

Sasa angalia njaa, mutoto yangu. Njaa ya Komanda njo ilijibu, yeye mwenyewe hakuwaza. "Banza! Leta kintu!"

Na Banza, muntu mwema, akaenda nyuma ya nyumba na furaha, akarudi anavuta ku udongo sufuria kubwa, krrr, krrr, krrr, akaisimamisha katikati ya bamama. Akaipanguza na mukono ya shati.

Wimbo ukakatika katikati ya "aleluya".

Mama Numbi akaizunguka. Akashika sikio yake ya kushoto, yenye baba yangu alitengeneza na waya ya gurudumu ya kinga, baiskeli yake. Akaangalia mama yangu. Mama naye akaitambua. Akakaza tu kitambala yake.

"Ile ni materieli ya Serikali!" Komanda akasema, lakini sauti ilikuwa imepoteza tumbo yake.

Mwalimu Ngoy akakohoa. Akalomba kwanza aone barua yangu. Akaisoma yote, akanigeukia, minyi niko nashikilia mulango.

"Marta, nilikufundisha kuandika barua, sikukufundisha kutangaza vita. Weye unatafuta nini hapa?"

"Sufuria, Mwalimu."

"Iko mustari gani?"

Nikakaza tu mulango.

"Unauliza bunduki yenye hautaki, unaacha sufuria yenye unataka. Kama weye unaona haya kuitaya jina, nani ataitaya? Komanda? Hata minyi ningekufunga. Achia ule mulango, unatuchekesha."

Nikaachia. Upepo ukaufungula. Kisha Mwalimu akamugeukia Komanda na heshima yote, kofia mu mukono.

"Shefu, mutoto alikosa ku bunduki, tunaomba musamaha. Bunduki ni vita, hatuulize. Lakini bintu ya Serikali yenye si bunduki, inaandikwaka. Kama sufuria ni ya Serikali, iko imeandikwa. Utuonyeshe, na sisi tutaenda kwetu."

"Ni siri ya vita."

"Sufuria?" Mama Numbi akauliza. Bamama bakacheka mpaka chakula ikatikisika ku kichwa.

Komanda akaangalia bukari. Akaangalia bamama, bengi kuliko polisi. "Haijaandikwa bado," akasema. "Tunaandika leo." Na juu Banza alikuwa anachoka kuandika, bakanipatia biki yangu. Minyi mufungwa njo nikaandika materieli ya polisi.

Komanda anataya, minyi naandika. Firimbi moja, haina kale kambegu kadogo ka ndani. Pingu moja, haina funguo. Banza alijaribuka kuivaa, alikula na mukono mmoja mpaka fundi wa chuma akamuonea huruma. Kiti, tunaijua. Kofia ya chuma moja.

"Yenye kuku alilalia?" mama mumoja akauliza.

"Andika tu kofia," Komanda akasema. "Banki moja ya kukalia."

"Banki ni ya kanisa," Mama Numbi akasema. "Munara mudogo, alama yetu, tulipakaa rangi chini yake."

Bakaipindua. Munara ulikuwako. Nikafuta. Taa? Ya mujane wa fundi wa treni, mwenyewe alikuwako, alinyosha mukono. Nikafuta. Ndoo? Komanda akaangalia ndoo, akaangalia bamama, akasema, "Ndoo tuache." Na sufuria, mutoto yangu, hakuitaya. Karatasi ikabakia nyeupe kubwa.

Kashe, muhuri ya biro, ilikuwako, wino hapana. Mama Numbi akaichovya mu mafuta ya sombe, Komanda akagonga. Nikalomba kopi, nikaandika ya pili, akagonga tena. Barua yangu ya bunduki akaipasua yeye mwenyewe, akaniambia, "Weye, uzisha bitoyo." Kisha tukamwanga bukari mu sufuria yetu na kula bote pamoja, polisi na bamama, ku banki ya kanisa. Tukaiacha ile banki pale, juu bantu benye banaibiwa na bezi, bakikuya kushitaki, banapashwa kupata fasi ya kukalia. Sufuria tukaibeba na wimbo. Siku ya Mungu Mama Numbi akaomba mama yangu musamaha mbele ya bantu bote, na ile sauti yake hata ba gare balisikia. Mangaribi ile mama akatwanga sombe na kuimba.

Kisha treni ingine ya basoda ikafika. Komanda akakuya yeye mwenyewe ku lupango, akavua kofia, akalomba sufuria. Mama akamupatia. Lakini aliita majirani mbele, na Komanda akagonga kashe ku karatasi ya kuonyesha aliikopa. Kaku hakubeba tena.

Ile kopi niliilinda. Panya balikula pembeni juu ya mafuta ya ngazi, lakini firimbi inasomeka bado.

Basi kamata barua yako, mutoto yangu. Andika pikipiki ku mustari wa kwanza, rangi yake, na siku gani bantu balichangia. Mambo ya bunduki yabo uache. Usiende peke yako. Wende na bantu benye balichangia, na kama munaweza, mubebe chakula. Omba na heshima, na kopi yenye kashe usirudi bila yayo. Kuuliza si matusi. Kintu chako ukione haya, bantu batakikalia.

Mungu akupatie mukono yenye haitetemeke na moyo yenye haijivune, akurudishe ku nyumba mbele ya jua kushuka, weye na pikipiki. Kila mara nakuambiaka haya mambo yabakie hapa. Ya leo, apana. Uyapeleke ku Luena kwa bandugu zako, ku Kabondo-Dianda, fasi yote yenye kuko biro ya polisi na bamama benye kulinda sufuria. Na ukihadisia, ukifika ku fasi ya Banza mu hii habari, useme alikuwa muntu mwema.