Mama Bahasha na Ishara Isiyo Yake

Kazi yake ilikuwa kudanganya, na alikuwa na barua ya ajira yenye mhuri. Kwa miaka kumi na minne aliwadanganya wanasayansi wa kituo kimoja cha kusikiliza anga, na hakuna aliyemwita mwongo isipokuwa mumewe, tena kwa utani. Jina lake halisi lilibaki kwenye mafaili. Kituo kizima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, walimwita Mama Bahasha.

Tuelezane vizuri, maana watu wakisikia habari hii hudhani ni mzaha. Kituo kile kilikuwa na antena kubwa, sahani ya chuma yenye upana wa uwanja wa mpira, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuelekezwa kwenye nyota fulani na kusikiliza kama huko kuna mtu. Si mtu hasa, bali kiumbe mwenye akili ya kutosha kujenga mtambo wa redio na kuuwasha. Nyota zenyewe zina makelele yake ya redio, lakini yamesambaa ovyo. Kinachotafutwa ni mlio mwembamba, uliobanwa mahali pamoja, ambao nyota haiwezi kuutoa yenyewe. Kwenye kompyuta huonekana kama mstari mmoja mweupe katikati ya vumbi la nukta. Mistari ya namna hiyo ilikwishaonekana mara nyingi, na kila mara ikakutwa ni setilaiti, au ndege, au simu ya mgeni aliyeambiwa aizime akaitikia kwa kichwa tu.

Sasa, mtu akitazama vumbi la nukta mwaka hadi mwaka, atasinzia. Si uvivu, ni ubinadamu. Hapo ndipo Mama Bahasha alipohitajika. Chumbani kwake, mwisho wa korido, alikuwa na kikasha cha kupenyeza ishara ya uongo kwenye waya wa antena. Kikasha kilijua antena imeelekea wapi: ikigeuzwa pembeni kinanyamaza, ikirudishwa kinalia tena, sawasawa na kitu kinachotoka kwenye nyota. Kila mwanzo wa mwezi aliandika kwenye karatasi siku na saa atakayofanya mchezo wake, akaitia kwenye bahasha, akasaini juu ya gundi, mtunza stoo akaifungia ndani ya sanduku la chuma. Mwezi mwingine aliandika tu: "Mwezi huu hakuna." Bahasha ina nini, alijua yeye na kalamu yake.

Ishara ikionekana, zamu ilipaswa kupitia hatua tisa za ukaguzi na kuziandika. Hatua ya kumi, bahasha inafunguliwa mbele ya mkurugenzi. Kama haitaji ishara ile, ndipo inakuja ya kumi na moja: kupiga simu kituo kingine, nchi ya mbali, wageuze antena yao na kusikiliza nyota hiyohiyo. Kikasha cha Mama Bahasha hakikufika huko. Wakisikia na wao, dunia imepata jirani.

Kwa nini wasifungue bahasha mapema? Kwa sababu hapo mtihani ungekuwa umekwisha kabla haujaanza.

Ujanja huu aliurithi. Baba yake alikuwa fundi redio, mwenye kibanda kilichojaa redio zilizofumuliwa matumbo. Kila akija mwanafunzi mpya, mzee alichukua redio nzima, akaachanisha waya mmoja, akampa kijana aitengeneze. Waliosema "hii imekufa" bila kuifungua walirudishwa kwao siku hiyohiyo. Aliyechagua waya wa kuachanisha alikuwa binti yake wa miaka kumi, kwa kuwa mzee mwenyewe alishindwa kuzuia kicheko. Binti alikaa kwenye kigoda, uso mkavu, akinyonya chungwa. "Ukicheka umeniharibia," baba alimwambia, na binti hakucheka. Uso huo aliuzoea hata nyumbani kwake. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimshonea gauni, anamvisha, anazunguka mara mbili kumtazama usoni, kisha anauliza, "Basi umelipenda au nilifumue?"

Kazini uso ule ulikuwa nusu ya mtambo. Watu walikuwa hawakagui ishara, wanamkagua yeye. Akikohoa, wanatazamana. Akikosa kuja kunywa chai, wanasema leo ipo. Kwa hiyo alikunywa chai kila siku saa ileile, kikombe kilekile, na akajifunza kukohoa bila sababu ili kikohozi chake kisiwe na maana yoyote.

Miezi saba kabla ya siku tunayoizungumzia, alimnasa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Ishara ilitokea, msimamizi akachanganyikiwa kwa furaha, akaruka hatua ya nne, ambayo ni kulinganisha na orodha ya setilaiti. Mama Bahasha alisoma ripoti yake mbele ya watu wote, na siku hiyo palikuwa na wageni kutoka wizarani. "Msimamizi aliruka hatua ya nne." Sentensi moja tu. Yule bwana hakumwamkia wiki mbili. Halafu akanunua daftari gumu na rula, akawa anapiga mstari chini ya kila hatua anayoimaliza, hata kwenye mazoezi. Wenzake wakamwita Rula, na jina likakaa.

Sasa tuje Jumanne hiyo.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mama Bahasha alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kusikilizia na kikombe chake. Mchambuzi wa zamu, dada mmoja ambaye miwani yake ilikaa zaidi kichwani kuliko machoni, alisema bila kugeuka, "Rula, njoo uone." Mstari ulikuwapo. Mwembamba, umenyooka. Rula akautazama, mchambuzi akautazama, kisha wote wawili wakageuka wakamtazama Mama Bahasha. Naye akapuliza chai yake.

Rula akatabasamu. "Leo hunipati, Mama," akasema, na akafungua daftari.

Mama Bahasha alimaliza chai, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Kikasha kilikuwa kimezimwa. Waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani tangu Ijumaa, umejikunja sakafuni. Alikishika kwa kiganja, kilikuwa cha baridi. Na karatasi ya mwezi ule aliikumbuka vizuri: mwezi huu hakuna.

Akaketi. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli. Jambo lililokuwa mikononi mwake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya. Ishara ile huenda ndiyo yenyewe. Huenda ingekatika wakati wowote, na isipothibitishwa na kituo cha pili kabla ya kukatika, ingekuwa hadithi tu. Kumbe wale wawili kule chumbani hawakuwa wanakagua ishara. Walikuwa wanafanya mtihani. Na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba leo hakuna mtihani.

Kwa nini hakwenda kusema? Msomaji atamlaumu, na ana haki, lakini asikilize kwanza. Siku atakayosema "hii si yangu", kuanzia hapo kila atakaponyamaza watu watajua ni yake. Neno moja, na miaka kumi na minne imekwenda na maji. Tena alikuwa amesaini kwamba hatasema, hata akiulizwa na mkurugenzi. Akajipa moyo: labda ni setilaiti, wataikuta kwenye hatua ya nne. Akampigia mkurugenzi aombe ruhusa ya kusema, simu imezimwa, yuko kikaoni mjini. Akarudi chumba cha kusikilizia na kikombe kitupu.

Hatua zile tisa, mtu akizifanya moyo ukimwenda mbio, ni dakika arobaini. Rula siku hiyo hakuwa na mbio. Aligeuza antena pembeni, mstari ukapotea, akairudisha, ukarudi. Mara moja inatosha. Yeye alifanya mara nne, na kila mara aliandika saa, dakika na sekunde.

"Kaka, si tukaze mwendo kidogo?" mchambuzi akauliza.

"Haraka ndiyo iliyoniponza," Rula akajibu. "Wewe andika. Mwandiko wako uwe mzuri, unasomwa mbele za watu huo."

Mama Bahasha aliketi kwenye kiti cha ukutani, uso wake uleule. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Kwenye saa tano hatua ya nne ikaisha: hakuna setilaiti yoyote upande ule wa anga. Rula akapiga mstari wake, akampa mchambuzi akague kama umenyooka. Hapo Mama Bahasha hakuwa tena na kisingizio. Alijua hivyo, na bado akanyamaza dakika nyingine arobaini. Baadaye alisema, bila kujipamba, kwamba alinyamaza kwa mazoea tu. Mdomo ulikuwa umesahau njia.

Saa sita kasoro dakika ishirini, Rula alikosea kupiga mstari chini ya hatua ya sita. Akachukua kifutio, akaufuta taratibu, akapuliza mabaki, akaanza kuupiga upya.

"Si yangu," Mama Bahasha akasema.

Rula hakuinua kichwa. "Nini?"

"Hiyo ishara. Si yangu. Kikasha kimezimwa tangu Ijumaa."

Mchambuzi akashusha miwani machoni. Rula akaweka rula mezani. "Umeruhusiwa kusema hivyo, Mama?"

"Hapana."

"Tangu saa ngapi unajua?"

"Tangu asubuhi. Piga simu."

Alipiga. Hakufika hata hatua ya saba. Alinyakua simu, akawasomea wenzao wa mbali nambari za nyota, akazirudia kwa sauti ya juu. Walimjibu kwamba antena yao ni nzito, kuigeuza kunataka nusu saa. Watatu wale wakasimama mbele ya kompyuta. Saa sita kasoro dakika nane, mstari ukakatika. Haukufifia. Ulikuwapo, halafu haukuwapo, na likabaki vumbi la nukta.

Kituo cha mbali kilianza kusikiliza saa sita na robo. Hawakusikia kitu. Walisikiliza siku tisa, na watu wetu pia wakasikiliza siku tisa, usiku na mchana, hata mtunza stoo akaja kukaa nao. Hakuna kilichorudi. Je, ilikuwa ndiyo yenyewe? Hakuna ajuaye, na kwa utaratibu wa kazi ile, kisichothibitishwa hakipo.

Mkurugenzi alimwita siku ya kumi. Hakumgombeza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alionekana hajalala. "Unajua kazi ya bahasha imekwisha," akasema.

"Najua, mkurugenzi."

"Kuna nafasi kwenye maktaba ya michoro."

"Nitashukuru."

Ikabaki fomu ya tukio. Rula ndiye aliyeijaza, kurasa mbili kwa mwandiko wake mzuri, akampelekea aweke saini kama shahidi. Mama Bahasha aliisoma yote. Alipofika kwenye swali la sababu ya kuchelewa kupiga simu, alikuta maneno mawili: "Ukaguzi makini."

"Hili si kweli," akasema.

"Ni kweli nusu. Liache, Mama. Inakwenda nje hiyo, itasomwa na watu wasiokujua."

"Ndiyo maana."

Akaomba kalamu. Rula akasita, kisha akampa. Akakata yale maneno mawili, akaandika pembeni, herufi zimejibana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo: "Walidhani ni yangu. Nilijua si yangu. Nilinyamaza saa tatu na nusu." Akasaini, akamrudishia karatasi.

Rula aliisoma akiwa amesimama. Akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, akachukua kalamu ile. Chini ya maneno ya Mama Bahasha akaongeza mstari mmoja, umekwenda mshazari, hakutumia rula: "Na mimi nilikuwa natafuta maksi."