Vilima vya Louise

Ukipita Kasongo leo na kuonyeshwa picha za arusi au za komunio katika nyumba yoyote, utakuta watu wote wamesimama mahali pamoja: mbele ya vilima vitatu vya buluu, mto unaopinda na michikichi miwili. Hapo si mahali. Ni shuka aliyoipaka rangi dada yangu Louise, na mpiga picha ni mume wake, Bulaimu. Ukitazama pembeni, mara nyingi utaona vidole vinne vimeshika ukingo wa shuka. Studio ya Bulaimu ni ua tu wa nyuma ya nyumba, upepo unaingia unavyotaka, na dada yangu ndiye aliyekuwa akiishika shuka isipeperuke.

Vidole hivyo ndivyo alivyotuachia. Mke wa mpiga picha amekufa hana picha. Wanasema mganga hajigangi, lakini hata mganga huwa anajipaka dawa kidogo. Ipo moja tu, ya kadi ya uchaguzi, na humo Louise anatazama kama mtu aliyekamatwa ameshika kuku wa jirani. Nilimgombeza Bulaimu kwa jambo hilo, hata kwenye matanga nilimgombeza. Mimi ni mshonaji, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo nafasi ya kumgombeza ninayo kila siku.

Vilima vile ni vya kwetu, upande wa Kabambare, juu ya bonde la Luama. Tulikimbia kutoka huko wakati wa vita, Louise akiwa msichana wa kuchota maji, mimi nikiwa nyuma yake kidogo kwa umri. Alivipaka kwa kukumbuka tu. Kila mteja aliposifu shuka, yeye alikunja uso.

"Hapana, haiko vile," alikuwa akisema. "Ya kweli iko muzuri kupita hii. Bulaimu, siku moja nitakupeleka uone."

Bulaimu ni mtoto wa Kasongo, alikuwa hajafika huko hata mara moja. Mwaka huu barabara mbaya, mwaka ule wenye bunduki wako njiani, mwaka mwingine mvua. Kisha ugonjwa ukamchukua Louise, na hiyo siku moja ikabaki bila mtu wa kuitimiza.

Kiangazi kilichopita akaja kijana mmoja aitwaye Serge, mfanyakazi wa hifadhi ya wanyama ambayo siku hizi mpaka wake umekizunguka kijiji chetu cha zamani. Walitaka picha za kalenda: milima, mto, ukungu, bila mtu hata mmoja. Mimi nilicheka. Hapa kwetu picha bila mtu ni picha iliyoharibika, mteja anakurudishia. Lakini Bulaimu alikubali hata kabla ya kuuliza malipo, akavuka barabara akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Naomie, mimi sijui pahali. Wewe unajua. Twende unionyeshe."

"Watu watasema shemeji amenitorosha."

"Waache waseme. Nataka kuona kile Louise alikuwa anaona."

Nilifunika cherehani. Nilikuwa na gauni la mtu mezani, nalo likangoja.

Pikipiki zilitupiga migongo mpaka Kabambare, na kutoka hapo mpaka kituo cha walinzi zikatupiga tena. Asubuhi ya kwanza Serge alitupandisha kwenye mwamba wa juu. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, na jua lilikuwa linajitokeza nyuma ya vilima. Bulaimu alisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akapiga, akapiga tena. Tulipotazama kwenye kioo cha kamera hapakuwa na ukungu, hapakuwa na anga. Palikuwa na weupe, kama uji uliomwagika.

"Papa Bulaimu, mbingu iko wapi?" Serge akauliza kwa adabu.

Mazoea yana taabu. Miaka yote hiyo Bulaimu amepiga nyuso nyeusi mbele ya shuka ya rangi hafifu, na kila mara huiongezea kamera mwanga, ili bibi arusi asitoke kama kivuli. Mkono wake uliongeza mwanga bila kumuuliza mwenyewe. Aliona haya, akaipunguzia kamera mwanga mpaka picha ikawa karibu giza, akakinga jicho lake kwa kofia yake ya swala, na ukungu ukaanza kuonekana, tabaka juu ya tabaka. Serge alifurahi. Bulaimu hakufurahi.

"Si yenyewe," akasema. "Angalia vilima. Vya Louise ni virefu."

Kweli, kutoka pale juu vilima vilikuwa vifupi, na mto ulipindia upande mwingine. Nilitazama mpaka machozi yakanijaa kwa hasira, maana nilidhani nimesahau kwetu. Mtu akisahau nyumba ya mama yake amebaki na nini? Nikaanza kuteremka peke yangu kwenye majani marefu, Serge ananiita kwamba kuna nyati, mimi sisikii. Chini nikakuta michikichi. Karibu nayo, ndani ya majani, nikakanyaga jiwe, kisha la pili, kisha la tatu. Yalikuwa mafiga ya mama. Nyumba yote ilikuwa imekwisha, jiko lilikuwa pale.

Nilikaa chini nikalia, sina haja ya kuficha. Nilipoinua macho nikaviona: vilima vitatu, virefu mpaka mbinguni, na mto unapinda kama kwenye shuka.

"Kuja huku!" nikamwita Bulaimu.

Alikuja na kamera yake, akasimama, akatikisa kichwa.

"Bado."

"Umesimama kama mwanaume. Yaya Louise alikuwa mtoto, anachochea moto. Chuchumaa."

Magoti yake yalilia, akachuchumaa kando ya mafiga. Nilimwona mabega tu, yakitikisika, na Serge akageuka kutazama ndege wasiokuwapo. Siku hiyo hatukupiga picha. Tulirudi kesho yake alfajiri, Bulaimu akaifupisha miguu ya kamera, akangoja ukungu ushuke mpaka mto uonekane, akapiga moja. Alisema inatosha.

Mvua zilipoanza Serge alifika Kasongo na kalenda. Picha za mwamba wa juu zilikuwamo. Ile ya mafiga haikuwamo, aliirudisha ndani ya bahasha.

"Wakubwa wanasema ni muzuri," akaeleza, "lakini kati-kati iko wazi. Michikichi pembeni, mto pembeni, vilima pembeni. Wanauliza kwa nini uliacha pengo."

Bulaimu aliichukua, akaitazama muda mrefu, kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Mimi niliona mara moja. Aliipanga kama anavyopanga kila picha ya maisha yake, akaacha nafasi pale ambapo mtu atakuja kusimama. Hakukusudia. Nadhani aliielewa nilipoielewa mimi, maana aliomba radhi akaingia ndani, na chai ya mgeni nikaipika mimi.

Baadaye aliituma Kindu ikachapwa kubwa, upana wa mlango, akaitundika uani kwenye ukuta, karibu na shuka ya Louise iliyochakaa. Kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani ninaiona kupitia mlango wake. Namkumbuka dada yangu zaidi sasa kuliko siku tulipomzika, na sijui kama ni vizuri au vibaya.

Juzi Dieudonnée, binti wa muuza samaki wa Nyangwe, alikuja na gauni la arusi nililomshonea mwenyewe. Hakuitaka shuka. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya picha mpya, katikati kabisa, akanyoosha shingo. Bulaimu aliinua kamera, akatazama, akaishusha.

"Mama, sogea kidogo pembeni."

"Pembeni kwa nini, papa? Hapa kati-kati iko wazi."

"Haiko wazi," Bulaimu akasema. "Pale iko mutu."

Bibi arusi aligeuka akatazama nyuma yake, kisha akakusanya gauni lake na kusogea.